Radhi Ambayo Katekista Aliikataa

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Kijijini kwetu kila aliyetaka kumzungumzia alianzia hapo, kwa sauti ya chini, akiangalia kwanza nani yuko karibu, na mara nyingi aliishia hapo hapo. Mtu alitufundisha dini kwa miaka mingi, aliwazika watu wetu, alipatanisha wanandoa waliokwisha kurushiana sufuria, na bado mgeni akiuliza yule mzee wa baiskeli ni nani, jambo la kwanza kuambiwa lilikuwa jinsi bibi yake alivyofika kijijini. Mimi nitaeleza mengine kwanza. Hilo la bibi litafika kwa zamu yake, na litakapofika nitalisema kwa sauti ya kawaida.

Tulimwita Katekista. Padre alikaa Bariadi mjini, alikuwa na vigango vingi vya kutembelea, na kwetu alifika pale barabara ilipomruhusu. Jumapili nyingine zote Katekista ndiye aliyetuongoza: masomo, sala, matangazo, michango, mazishi. Wakati huo bado tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na alipoendesha baiskeli magoti yake yalifika karibu na usukani. Mitumba iliporuhusiwa na kila mnada ukawa na marobota ya nguo, alijinunulia koti la kijivu lenye vifungo vya kung'aa, la aina wanayovaa wapiga tarumbeta huko Ulaya. Alilivaa kila Jumapili, hata katika jua la Septemba. Vijana walimpa jina la Ngosha wa Bendi, yaani mwanamume wa bendi. Alilisikia. Alisema mwenye koti, popote alipo, angefurahi kujua kwamba bado linakwenda kanisani.

Wazee wa rika lake waliulilia ushirika wa pamba ulipoanza kufa. Yeye hakuulilia. Kampuni binafsi zilipokuja kununua pamba, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipelekea. Nilikuwa nimeanza kuandikia gazeti moja habari za wilaya, nikamuuliza kwa nini. Alisema amekuwa mwanachama mwaminifu tangu ujana, na kila mkutano mkuu ulipofika watu wa Ikulu walipewa kamati, na yeye akapewa sala ya kufungua.

"Huyu mnunuzi wa sasa ananiibia kwenye mzani," alisema, "lakini haniulizi mimi ni wa nani."

Ikulu kwetu si ya rais. Ni ua wa zamani wa mtemi. Utemi ulifutwa baada ya uhuru lakini jina lilibaki, pamoja na mashamba mazuri, ng'ombe, na tabia ya kukaa viti vya mbele. Mkuu wa ukoo ule katika miaka ninayoizungumzia alikuwa mjukuu wa mtemi, mzee mnene mwenye sauti ya upole, ambaye sote tulimwita Mzee wa Ikulu. Hakuwa mtu mkatili. Hilo nalisema mapema, kwa sababu watu walilitumia sana kumtetea, kana kwamba mtu alikuwa amemshitaki kwa ukatili.

Nirudi kwa Katekista. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwaandaa watoto kwa kitubio cha kwanza. Nilipita mikononi mwake, na wadogo zangu pia. Alikuwa hapigi. Alikuwa anauliza. Mtoto akisimama na kusema amekosa kwa mawazo na kwa maneno, alimkatiza. Umefanya nini? Umemfanyia nani? Umerudisha nini? Dada yangu, aliyekuwa na haraka ya kwenda kucheza, alimjibu siku moja kwamba anatubu yote kwa pamoja.

"Yote si dhambi," akamwambia. "Yote ni blanketi. Taja."

Neno hilo, taja, lilikuwa lake. Alilitumia kwa watoto, kwa walevi, kwa wenye ndoa, na hata kwa mwenyekiti wa kijiji aliposema mkutanoni kwamba kumekuwa na kasoro ndogo ndogo. Watu walimcheka kwa hilo na walimwogopa kwa hilo.

Msimu mmoja, kabla ya Pasaka, jirani yetu mmoja alimfuata na kumweleza kwamba amekuwa akichanganya mchanga kwenye pamba ili ipate uzito. Si jambo la ajabu. Wakati huo wanunuzi waliharibu mizani na wakulima waliharibu pamba, na kila upande ulijiona umeibiwa kwanza. Katekista alimtuma aende kwa mnunuzi amwambie. Jirani akalalamika kwamba mzani wa yule kijana umefungiwa jiwe.

"Jiwe ataungama yeye. Wewe ungama mchanga."

Jirani alikwenda. Mnunuzi, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, alicheka mpaka akashika gunia asianguke, kisha akaacha kucheka na kuagiza magunia yote ya kijiji yafunguliwe na kumwagwa chini. Siku iliyofuata uwanja wa Katekista ulijaa wanaume wenye hasira. Aliwasikiliza mpaka wakaishiwa. Halafu akauliza nani kati yao hakuweka mchanga, ili amwombe radhi huyo. Waliondoka wakitukana kwa Kisukuma, lugha ambayo kwa kazi hiyo haina upungufu.

Kwa mtu aliyekuja mwenyewe, hata hivyo, alikuwa laini kupita kiasi. Baiskeli yake iliwahi kuibwa mnadani. Miezi ikapita, kijana mmoja wa kijiji cha pili akaja nayo mchana kweupe, akasema ni mimi niliyeiba, nilikuwa na njaa na nilikuwa na ujinga. Katekista alimpa uji, kisha akampakia kwenye baiskeli hiyo hiyo na kumrudisha kwao ili asitembee juani. Hakumwambia mtu. Tulikuja kuijua habari hiyo kutoka kwa mwizi.

Ndiyo maana watu walishindwa kumwelewa katika jambo la Ikulu. Walisema amesamehe baiskeli, atashindwaje kusamehe mambo ya kale. Hawakuona tofauti, au hawakutaka kuiona: mwizi wa baiskeli alikuja, akasema.

Sasa hilo la bibi. Mwaka wa njaa, Wajerumani wakiwa ndiyo kwanza wanaingia nchi hii, msafara uliokuwa unaelekea pwani ulipita kwetu ukiwa na watu waliofungwa, na baadhi walikuwa watoto waliokwisha kuchoka. Mtoto mmoja wa kike aliachwa katika ua wa mtemi kwa mtama. Kwao wapi, hakujua kusema, au alisema na hakuna aliyeelewa. Kisukuma kina neno kwa mtu wa namna hiyo, nsese, maana yake mtumwa. Alikulia uani, akazalia uani. Aliyezaliwa ndiye mama yake Katekista. Wazungu walikuja wakatangaza kwamba utumwa umekwisha. Pale uani hakuna aliyemwambia mtu yeyote aende, na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa amefungwa. Mama yule alichota maji ya ua ule na kusaga mtama wake tangu utoto wake, mtemi wa kwanza akafa, wa pili akafa, utemi ukafutwa, naye bado anachota, mpaka siku mwanawe alipojenga nyumba pembezoni mwa mashamba yale, akaenda kumshika mkono na kuondoka naye. Hawakuzuiwa. Hawakuambiwa neno.

Nilimjua mama huyo akiwa bibi kizee mfupi, mwenye maneno makali na masikio yanayokufa. Watoto tulimwita Mayu, kama tunavyomwita kila mwanamke wa kuheshimiwa. Katika maziko na harusi za Ikulu, ng'ombe akichinjwa, kila mlango wa kijiji una kipande chake kinachojulikana, kulingana na ukaribu wa damu na heshima. Mlango wa Katekista ulipelekewa kwato na shingo, mwisho wa wote, kipande cha watu wa uani. Ilikuwa hivyo mwaka hadi mwaka, hata alipokuwa ndiye aliyeongoza sala ya shughuli hiyo. Yeye alipokea, akasema wabeja, yaani asante, akampa mkewe apike, na hakula. Mayu alikula. Mwanawe akimkunjia uso, alimjibu huku akitafuna, "Ng'ombe hawa mama zao niliwanywesha mimi. Acha nile."

Alichotaka Katekista kilikuwa sentensi moja. Mkuu wa ukoo ule amwambie Mayu mbele ya watu, naye awe anasikia: tulimnunua mama yako, tukakutumikisha wewe, tulikosa. Hakutaka ng'ombe, hakutaka shamba. Aliniambia hivyo mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuisema sentensi ile kwa niaba ya Ikulu nzima. Na kila mwaka ilibidi mtu azungumze kwa nguvu zaidi karibu na sikio la Mayu ili asikie.

Alikuwa amekwisha kwenda kwa Mzee wa Ikulu, peke yake, kwa adabu, zaidi ya mara moja. Mzee alimkaribisha kiti, akamwagizia maziwa, akamwambia kwamba sisi sote ni ndugu, mama yako alilelewa hapa kama mtoto wetu, kwa nini kufukua. Katekista alirudi nyumbani na tumbo limejaa maziwa na bila sentensi.

Mambo yalikuwa hivyo redio iliposema. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, tumekaa kwenye magunia nje ya ghala tukisubiri lori, na mtu mmoja alikuwa na redio ya betri. Taarifa ya habari ikasema kwamba serikali ya nchi moja imesimama na kuomba radhi rasmi kwa nafasi yake katika biashara ya watumwa. Sitaitaja nchi hiyo, kwa sababu Katekista mwenyewe hakuwahi kuitaja. Aliita tu "wale waliosema".

Pale kwenye magunia watu walifurahi kama timu yao imefunga. Walisema wamekiri hatimaye, walituuza kama mbuzi. Mzee wa Ikulu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani, alitikisa kichwa taratibu.

"Walau wametuomba radhi," akasema.

Katekista aliinuka kutoka kwenye gunia lake.

"Wamemwomba nani, Mzee? Wewe au mimi?"

Redio ilikuwa imehamia kwenye bei za mazao. Mwenye redio aliongeza sauti, ingawa katika maisha yake yote hakuwahi kujali bei ya kahawa. Mzee wa Ikulu alitazama upande wa barabara na kusema lori linakuja. Halikuwa linakuja.

Hasira ya Katekista ninayoikumbuka ilianza hapo. Kabla ya siku ile alikuwa mtu mwenye ombi. Tangu siku ile alikuwa mtu aliyetukanwa. Aliniambia kwamba kama serikali nzima, yenye mawaziri na wanasheria wa kuizuia, imeweza kutamka, basi mzee mmoja anayekaa umbali wa kusikia jogoo wake hawezi kusema hajui maneno.

Mwaka uliofuata wakaja wageni. Hawakuwa serikali. Walikuwa watu wa shirika fulani kutoka nchi ile ile, waliokuwa wanachimba visima, na kijiji chetu kilipata kimoja chenye pampu. Diwani wetu aliona nafasi. Akapanga sherehe ya kukabidhi kisima iwe pia ya kupokea radhi, na wageni, watu wema wasiojua lolote, wakakubali kusoma tamko fupi. Wa kulipokea kwa niaba ya wazee wetu walioteswa na utumwa alipangwa Mzee wa Ikulu.

Narudia, ili isomeke vizuri. Mjukuu wa aliyenunua alikalishwa kiti cha mbele kupokea radhi ya aliyenunuliwa. Wanawake wa nyumba ya Katekista walipangiwa kupika. Katekista alipangiwa sala.

Nilikwenda kwake siku iliyotangulia nikitegemea kumkuta amekataa. Nilimkuta anapiga koti lake pasi. Aliniambia sala ni kazi yake, na hajawahi kuacha kazi yake.

Sherehe ilikwenda kama zinavyokwenda. Ngoma, utambulisho mrefu, diwani. Mgeni mwanamke alisoma tamko, mkalimani akalitafsiri. Mzee wa Ikulu akasimama, akashika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili, akasema kwa niaba ya wahenga wetu tumewasamehe. Watu wakapiga makofi. Kisha Katekista akaitwa kufunga kwa sala, na watu wote, wageni na wenyeji, wakafumba macho na kuinamisha vichwa.

Kwetu sala haikatizwi. Mtu anaweza kumkatiza mwenyekiti, anaweza kumzomea mbunge, lakini anayesali anaachwa mpaka amalize. Katekista alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Baba uliye mbinguni," alisema, "leo tumepata maji na tumesomewa radhi. Kwa maji tunakushukuru. Radhi hii imetoka mbali, na walioileta hawatujui. Sasa tunakuletea ya hapa. Bibi yangu aliletwa kijiji hiki akiwa mtoto, mwaka wa njaa, akabadilishwa kwa mtama katika ua wa mtemi. Hakurudishwa kwao. Mama yangu alizaliwa katika ua huo, akauchotea maji mpaka akaota mvi. Walionunua ni watu wa hapa, na wajukuu wao wameketi hapa. Tunakuomba uwafungue vinywa waseme, mama yangu angali anasikia. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu."

"Amina," likajibu kundi zima.

Mimi nilikuwa nimefumbua macho. Ni tabia ya kazi yangu. Nilikuwa namtazama Mzee wa Ikulu, na nilimwona akisema Amina. Midomo yake ilifunguka, sauti ikatoka, nzito na ya wazi, kama ilivyotoka kila Jumapili tangu abatizwe. Ndipo akafumbua macho na uso wake ukabadilika. Mkalimani hakutafsiri. Aliwaambia wageni kwamba mzee ameshukuru kwa ajili ya maji.

Kijiji kizima kiligawanyika juu ya Amina ile. Kwenye vilabu vya pombe, kisimani, kwa fundi baiskeli, hakukuwa na mazungumzo mengine. Wengine walisema amekiri mbele ya Mungu, nini zaidi kinatakiwa. Wengine walisema ile ni Amina ya mazoea, mdomo ulitangulia. Fundi baiskeli alikuwa anawauliza wateja kama mtu akiitikia Amina usingizini inahesabika. Ikulu yenyewe ilituma ujumbe rasmi kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba Amina ya Mzee ilihusu kisima tu.

Niliandika habari hiyo yote, sala na Amina, nikaipeleka gazetini. Ilitoka aya mbili, chini ya kichwa kilichosema wazee wa Bariadi wamepokea radhi. Mhariri aliniambia kwamba hayo mengine ni mambo ya kifamilia. Bado nakasirika ninapoandika maneno hayo. Radhi ya ng'ambo ilikuwa habari ya dunia, na mwanamke aliyekuwa hai, kwa safari fupi ya baiskeli kutoka mjini, alikuwa mambo ya kifamilia.

Padre naye alimwita Katekista. Alimwambia sala si mahali pa kushitaki watu, na akamsimamisha kuongoza ibada kwa muda. Katekista alijibu kwamba Zaburi nusu yake ni mashitaka, kisha akatii. Zile Jumapili zote alikaa benchi la nyuma na koti lake, akijibu kwa sauti kuliko mtu yeyote.

Lakini aliyemwumiza zaidi alikuwa Mayu. Nilikuwapo alipompelekea habari, jioni ya siku ya sherehe. Ilibidi ainame na kusema kwa nguvu sikioni, mpaka majirani wakasikia.

"Amesema?" Mayu akauliza.

"Nimesema mimi, katika sala. Yeye ameitikia Amina."

Mayu alifikiri. Alikuwa anachambua dengu, na hakuacha.

"Hiyo Amina ni ya Mungu," akasema. "Yangu iko wapi?"

Tangu hapo Katekista hakumruhusu mtu kusema mbele yake kwamba Mzee wa Ikulu alikiri. Waliomtetea walipigwa na butwaa. Vijana waliokuwa wamemwona shujaa kwa sala ile walipokuja kumpongeza, aliwafokea. Alisema amejaribu kumkamua mtu toba kwa ujanja, kama anayekamua ng'ombe wa mwenzake, na kilichotoka hakikuwa maziwa.

Mayu alikufa kabla ya mvua za vuli. Wiki zake za mwisho hakusikia chochote. Mtu aliongea na mkono wake, kwa kuubana.

Asubuhi ya maziko, Ikulu ilileta fahali. Fahali mweusi, mkubwa, aina ya ng'ombe anayetolewa kwa maziko ya mtu wa damu, si wa uani. Vijana waliomleta walisema Mzee yuko njiani, na kwamba ameamua kusema maneno kaburini. Wazee walitazamana. Walikuwa wamesubiri jambo hili kwa muda mrefu, na wengine machozi yaliwalenga. Mimi mwenyewe nilitoa kalamu.

Katekista alitoka ndani, akamzunguka yule fahali, akamgusa nundu. Akawaambia vijana wamrudishe.

Mmoja alisema kwa heshima, "Mzee anataka kusema yale uliyomwomba."

"Mwambieni anayetakiwa kuyasikia hasikii tena. Mimi si sikio la akiba."

Kumrudisha ng'ombe wa msiba, kwetu, ni jambo ambalo wengi tulikuwa hatujawahi kuliona. Shemeji zake walimsihi. Mwenyekiti wa kijiji alimvuta pembeni. Alisimama pale pale mpaka kamba ilipogeuzwa kuelekea Ikulu, na lazima niseme kweli, waombolezaji wengine walimtazama fahali akiondoka kwa uchungu kuliko walivyolitazama jeneza. Tulikula maharage. Mzee wa Ikulu aliishia njiani.

Baada ya hapo watu walimgeuka. Walisema alipewa akakataa, sasa ni kiburi. Wale wale waliokuwa wanamhurumia kwa kunyimwa radhi walimlaumu kwa kuikataa, na sidhani kama hata mmoja alijiuliza kwa nini ilikuja siku ambayo ilikuwa rahisi kuliko zote, mbele ya umati, juu ya mtu asiyeweza kuuliza swali.

Nilihamia Mwanza kwa kazi. Niliporudi likizo, miaka michache baadaye, nilimkuta Katekista amerejeshewa ibada zamani, mvi zimekamilika, koti limebakiwa na kifungo kimoja. Asubuhi ile ile mtoto mkubwa wa Mzee wa Ikulu, mtu mzima mwenye duka la pembejeo mjini, alikuja kumwita. Baba yake alikuwa taabani na anataka sala ya wagonjwa. Padre alikuwa safarini. Katekista alichukua kitabu chake na kuniomba nimsindikize, kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua njiani.

Mzee wa Ikulu alikuwa amelala chumba cha mbele, mikono imekonda, sauti ile ya upole imebaki nusu. Watoto wake walikuwa wamesimama ukutani. Aliomba Katekista akae karibu.

"Nimekuita nikuombe radhi," alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

Katekista aliweka kitabu magotini kikiwa kimefungwa. Mzee alielewa. Alikuwa amemjua muda mrefu mno asielewe. Akavuta pumzi na kuanza, polepole. Alisema babu yake alimnunua mtoto kutoka kwenye msafara. Alisema walijua kwamba haikuwa sawa, hata wakati ule nyumbani walijua. Alisema mtoto huyo alizaa, na wao wakamtumikisha aliyezaliwa, na yeye mwenyewe, Mzee, akiwa mvulana, alikuwa akimtuma maji kwa kumrushia kibuyu.

"Ulimtuma nani?" Katekista akauliza.

"Mama yako."

"Mama yangu ana jina."

Mzee alifungua mdomo. Aliwatazama watoto wake pale ukutani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitazama mahali pengine.

"Mayu," akasema mwishoni.

"Mayu ni kila mwanamke."

Mwanamke yule aliishi katika ua ule zaidi ya nusu ya maisha yake. Alipika walichokula. Aliwabeba mgongoni baadhi ya waliosimama ukutani. Katekista alisubiri, bila ukali, kama alivyokuwa akiwasubiri watoto wa kitubio. Kisha alifungua kitabu na kusoma sala ya wagonjwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuruka neno, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akaaga.

Mtoto mkubwa alitufuata mpaka langoni. Alikuwa anatokwa jasho.

"Katekista, nisaidie. Niambie jina, nimpelekee sasa hivi."

"Liko kwenye msalaba wake, nyuma ya nyumba yangu. Lilichongwa vizuri. Hata mimi nalisoma."

Kutoka pale langoni paa la nyumba yake lilionekana, na ua wa mabua, na hata mti wa msalaba kwa mwenye macho mazuri. Yule bwana aliangalia upande huo, akaangalia viatu vyake, akaangalia njia iliyokuwa na matope.

"Nitakwenda kesho," akasema.

Mzee wa Ikulu alikufa jioni hiyo. Padre alikuwa hajarudi, kwa hiyo Katekista ndiye aliyemzika. Alisimama kando ya kaburi na kifungo chake kimoja, akalitaja jina la marehemu kwa ukamilifu, jina la baba yake, na jina la babu yake, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, bila kutazama kitabu.